Dalali Aliyetangaza Bei

Wasomaji wa safu hii wamezoea kutuona tukizungumza habari za karafuu, boti za Pemba na mifereji isiyotoa maji. Huenda leo wakashangaa kutukuta tunamzungumza bibi mmoja wa Kimarekani aliyetajirika kwa kuuza nyumba za watu. Tunazo sababu zetu. Ya kwanza ni kwamba bibi huyu amefanya biashara yake juu ya kisiwa. Manhattan, kitovu cha jiji la New York, ni kisiwa chembamba kilichozungukwa na mito, na ukubwa wake haufiki kilomita za mraba 60. Unguja peke yake yakizidi kisiwa hicho zaidi ya mara ishirini. Hata hivyo, katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walihesabiwa humo wakaazi 1,694,251, na sisi Wazanzibari wote, wa Unguja na wa Pemba, katika hesabu ya mwaka 2022 tulikuwa 1,889,773. Mahali penye watu wengi na ardhi ndogo kiasi hicho, mwenye kujua nani anauza na nani anatafuta hawezi kulala njaa.

Sababu ya pili tutaifikia baadaye. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Barbara Corcoran alizaliwa tarehe 10 Machi 1949 katika mji mdogo wa Edgewater, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Tunasema ng'ambo kwa makusudi, kwani mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Akisimama ukingoni mwa mto, mtoto wa Edgewater huyaona maghorofa ya Manhattan yamejipanga mbele yake, karibu kwa macho na mbali kwa kila kitu kingine. Baba yake alikuwa mnyapara katika kiwanda cha kupiga chapa. Watoto walikuwa kumi, yeye wa pili, na nyumba haikuwa kubwa. Skuli ilimshinda. Alikuwa na lile tatizo la kusoma ambalo siku hizi waganga wanalitambua kuwa si ujinga, bali ni macho na akili kutopatana juu ya herufi; lakini zama zile mtoto wa namna hiyo alikalishwa nyuma na kuitwa mjinga mbele ya wenziwe. Alimaliza chuo mwaka 1971 kwa alama za chini, na kabla hajafika umri wa miaka ishirini na mitatu alikuwa amekwisha kupita katika kazi zipatazo ishirini. Mojawapo ya hizo ilikuwa kuandikia watu chakula mezani katika mkahawa.

Mkahawani alikutana na mwanamume aliyekuwa akifanya kazi ya kujenga nyumba, wakawa marafiki, na mwaka 1973 mwanamume huyo akamkopesha dola 1,000 aanzishe ofisi ya kupangisha fleti. Mwenye fedha alijiwekea hisa 51 katika mia, akamwachia mwenye kazi 49. Tunaomba wasomaji waikumbuke hesabu hiyo.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwani kipaji cha mtu huonekana zaidi katika hatua zake za mwanzo kuliko katika mamilioni ya mwisho. Fleti ya kwanza aliyopewa aitafutie mpangaji ilikuwa ya chumba kimoja cha kulala na sebule, na magazeti ya New York yalikuwa yamejaa matangazo ya fleti za namna hiyo hiyo kwa kodi hiyo hiyo. Binti huyu, kama anavyosimulia mwenyewe, alikwenda kwa mwenye nyumba akamshauri asimamishe ukuta wa nusu kuigawa sebule. Kwa gharama ya mbao chache fleti ya chumba kimoja ikawa fleti ya chumba kimoja na kijichumba cha kukaa. Kodi ikapanda kwa dola chache kwa mwezi, na tangazo likawa si sawa na mengine yaliyo karibu yake. Alipopata ujira wake wa mwanzo hakulipa deni. Alikwenda duka la watu wakubwa akanunua koti zuri kwa fedha zote, ili siku ya pili aonekane mbele ya wateja kama mtu ambaye bado hajawa. Wazee wetu wangemkanya. Sisi tunaliona koti lile kuwa mtaji wake wa pili.

Ushirika huo haukudumu. Mwaka 1978 mwenye hisa 51 alimwarifu kwamba anamwoa karani wa ofisi, na kwa kuwa mambo ya nyumbani na ya kazini yalikuwa yamefungwa kamba moja, yote mawili yakavunjika. Waligawana wafanyakazi kama manahodha wa timu za mpira wanavyochaguana wachezaji. Katika kuagana alimwambia kwamba bila yeye hatafanikiwa kamwe. Bibi Corcoran amekwisha kuyasimulia maneno hayo mara nyingi mno mbele ya watu, na kila mara anayasimulia kwa shukurani. Alifungua kampuni yenye jina lake peke yake.

Wakati wenyewe haukuwa wa neema. Mwaka 1975 jiji la New York lilikaribia kufilisika, na baina ya mwaka 1970 na 1980 lilipoteza wakaazi zaidi ya 800,000. Wenye uwezo walihamia vitongojini. Majumba mengine yaliachwa, mengine yalichomwa moto. Aliyenunua fleti katika miaka hiyo alihofu kwamba ananunua hasara, na aliyeuza alihofu kwamba anatupa mali. Baina ya hofu hizo mbili alisimama dalali, na hakuna aliyejua bei ya kweli ni ipi.

Kwa nini haikujulikana? Hapa tueleze jambo ambalo wengi wetu hatulifahamu. Fleti nyingi za Manhattan huendeshwa kwa mtindo wa ushirika. Mnunuzi hanunui kuta wala sakafu. Hununua hisa katika kampuni inayomiliki jengo zima, na kwa hisa hizo hupewa haki ya kukaa katika fleti fulani. Kamati ya wakaazi humhoji, humchungulia mapato yake, na ikipenda humkataa. Kwa kuwa kisheria kilichouzwa ni hisa na si ardhi, bei yake ilikuwa haiandikwi katika daftari la umma la ardhi. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 2006, ilipoanza kuwekwa wazi. Kabla ya hapo bei ya sehemu kubwa ya makaazi ya kisiwa kile ilikaa vichwani mwa madalali na mifukoni mwa waliouziana.

Binti wa Edgewater alifanya jambo ambalo madalali wenziwe waliliona wazimu. Alichukua mauzo ya ofisi yake, ambayo kwa maelezo yake yalikuwa 11 tu, akajumlisha bei, akagawa, akapata wastani. Akaupiga chapa katika karatasi, akaipa karatasi ile jina lake, akaipeleka kwa waandishi wa magazeti. Gazeti kubwa la mji, The New York Times, likaichapa, na jina lake likatajwa kama la mjuzi wa bei za nyumba za New York. Siku iliyotangulia alikuwa dalali mdogo asiyejulikana. Asubuhi ile akawa mtu anayepigiwa simu na waandishi kila wanapotaka kujua nyumba zimepanda au zimeshuka. Karatasi ile aliendelea kuitoa mwaka baada ya mwaka.

Mwanafunzi wa hesabu angeicheka. Wastani wa mauzo 11 katika mji wa mamilioni ya watu ni sawa na kupima mvua ya Unguja nzima kwa kikombe kilichoachwa uani. Lakini kikombe kile kilikuwa ndicho pekee kilichowekwa nje. Na kadiri kampuni ilivyokua ndivyo mauzo yalivyoongezeka, na kipimo kikawa bora zaidi.

La kutazamwa ni hili: alitoa bure kitu ambacho wenziwe walikificha kwa kudhani ndicho riziki yao, na utajiri wake ukaanzia hapo. Siri yake si ngumu kuifahamu. Mnunuzi asiyejua bei huogopa, na mwenye kuogopa hutia miguu nzito. Mwuzaji asiyejua bei hung'ang'ania ndoto yake, na nyumba hukaa mwaka mzima haikuuzwa. Wote wawili wakiijua bei, mazungumzo yanakuwa mafupi na mapatano yanafikiwa. Dalali analipwa kwa mapatano, si kwa mazungumzo. Katika Marekani ujira wa kuuza nyumba umekuwa kwa desturi wa miaka mingi asilimia tano hadi sita ya bei; basi mwenye kufunga mauzo kumi kwa haki anamshinda anayefunga mauzo mawili kwa hila, na zaidi ya hapo jina lake linabaki safi.

Hatusemi kwamba bibi huyu ni walii. Baada ya soko la hisa kuporomoka mwaka 1987, nyumba za New York zilidoda, na kampuni yake ikazama katika madeni. Alipewa fleti 88 katika majengo mbalimbali, fleti zilizokataa kuuzika kwa miaka: nyingine hazina jiko la maana, nyingine zinatazama ukuta. Alifanya nini? Aliziwekea bei moja kwa kila aina, za chumba kimoja zote sawa na za vyumba viwili zote sawa, nzuri na mbaya pamoja. Akatangaza kwa wateja wa ndani, kwa mnong'ono, kwamba zitauzwa siku moja tu na atakayewahi ndiye atakayechagua. Anasema fikra hiyo aliipata utotoni kwa mama mmoja wa shamba aliyekuwa na vitoto vya mbwa vya kuuza, akawaita wanunuzi wote waje saa moja ili kila mmoja amwone mwenziwe. Siku ilipofika foleni ilizunguka jengo. Fleti zote 88 zikatoka, na kamisheni ikapita dola milioni moja.

Tumekuwa tukibishana sisi kwa sisi katika chumba cha uandishi juu ya kisa hicho. Mmoja wetu anasema hapana udanganyifu, kwani bei ilikuwa wazi na kila mtu aliona anachonunua. Mwingine anasema mnunuzi aliyesimama katika foleni ya baridi na watu mia nyuma yake hatazami ukuta, anatazama foleni. Tunakubaliana kwa jambo moja tu, kwamba yule yule aliyeitangaza bei alijua pia kuuchochea uchu. Ujuzi wa namna mbili ulikaa katika kichwa kimoja, na serikali yenye busara hutunga sheria kwa kuukumbuka huo wa pili.

Mengine tuyapite haraka. Katika miaka ya tisini alizirekodi fleti zake katika kanda za video ili wateja wazitazame nyumbani. Watu hawakuzitaka kanda zile na fedha nyingi zikapotea, lakini picha zenyewe alizitia katika intaneti mapema kabla wenziwe hawajajua intaneti ni mnyama gani. Mwaka 2001 aliiuza kampuni kwa dola milioni 66. Wanunuzi walikuwa wametaja bei ndogo kuliko hiyo, naye anasimulia kwamba alishikilia 66 kwa sababu sita ni nambari anayoiamini kuwa ya bahati. Tukikumbuka kwamba aliyejulikana kwa kutangaza wastani wa bei aliipa kampuni yake bei kwa nambari ya bahati, hatuna budi kucheka.

Kisha ikaja televisheni. Mwaka 2009 kilianzishwa kipindi kinachoitwa Shark Tank, yaani birika la papa, ambamo matajiri hukaa vitini na wafanyabiashara wadogo huja mmoja mmoja kuwaomba mtaji. Alialikwa, kisha akaambiwa nafasi yake amepewa bibi mwingine. Aliwaandikia barua kwamba kukataliwa huwa kwake dalili ya heri, akaomba washindanishwe wote wawili, akaipata nafasi. Kwa miaka mingi ameonekana humo. Mfano mmoja ambao wavuvi wetu wataupenda: mwaka 2012 aliwapa binamu wawili dola 55,000 katika biashara ya kuuza mikate ya kamba-mti wa Maine juu ya gari, na biashara hiyo imekuwa kubwa na kuenea majimbo mengi. Siku hizi utajiri wake hukadiriwa na wengi kuwa kiasi cha dola milioni 100. Ni makadirio tu. Mfuko wa mtu haufunguliwi na jirani.

Mtindo huo sasa umepata warithi. Ryan Serhant, kijana aliyekuwa mwigizaji wa michezo ya televisheni, aliingia udalali New York mwezi Septemba 2008, siku ile ile benki ya Lehman Brothers ilipotangaza kufilisika. Mwaka 2012 alianza kuonekana katika kipindi cha televisheni kinachofuata madalali wa nyumba za mamilioni, na mwaka 2020 akaanzisha kampuni yake. Tofauti iliyopo baina yao ni moja, nayo ni kubwa. Kwa Bibi Corcoran sifa ilitoka katika karatasi yenye bei, na kamera ilikuja baadaye. Kwa kizazi cha sasa kamera ndiyo ofisi, na nyumba ni pambo nyuma ya sura ya dalali. Vijana wetu wanaosimama ufukweni na simu mkononi wakitangaza viwanja wamejifunza kwa hao wa pili.

Kuna visa viwili vya siku za karibu tusivyoweza kuviacha. Mwezi Februari 2020 mwizi mmoja alimwandikia mtunza hesabu wa Bibi Corcoran kwa anwani ya barua pepe iliyofanana na ya msaidizi wake, isipokuwa herufi moja imepungua, akaagiza zilipwe dola 388,700 kwa matengenezo ya nyumba. Zikalipwa. Kwa bahati fedha zilipitia benki ya Ujerumani, zikazuiwa kabla hazijatoweka, zikarudi. Mwanamke aliyeishi kwa kusoma mikataba karibu aliwe kwa herufi moja. Nani katika Visiwa hivi hajasikia habari ya kiwanja kilichouzwa mara mbili kwa karatasi mbili zinazofanana?

Kisa cha pili kinatugusa zaidi. Tajiri huyu, aliyekuwa na fleti ya fahari mbele ya bustani kubwa ya New York, mwaka 2021 alinunua katika Pacific Palisades, mjini Los Angeles, nyumba ndogo ya namna ile ya kubebeka, kwa kiasi cha dola 800,000. Bei hiyo ya kibanda ilikuwa ni bei ya mandhari ya bahari. Ardhi iliyokaliwa na kibanda haikuwa yake wala ya jirani zake. Mahali pale wakaazi humiliki nyumba na kupanga uwanja. Mwezi Januari 2025 moto mkubwa wa California ulipita, na mtaa wote ule ukawa majivu. Kwake yeye kibanda kilikuwa starehe, naye akawachangishia fedha jirani zake, ambao wengi wao kile kilichoungua kilikuwa ndicho makaazi yao ya pekee.

Mtu mwenye nyumba juu ya ardhi isiyo yake: hapa ndipo tunapofika nyumbani, na ndipo sababu yetu ya pili ilipo.

Itakumbukwa kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na wakulima wengi wakapewa eka tatu tatu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 iliendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Sheria ya mwaka 2010 ikaruhusu fleti kumilikiwa moja moja katika jengo moja, na tangu hapo tumeona miji mipya ikijengwa, kama ule wa Fumba, ambamo wageni nao wanaweza kununua makaazi. Kwa maneno mengine tumekaribia hali ya Manhattan kuliko tunavyodhani. Kinachouzwa ni haki juu ya kitu, na kitu chenyewe hakiuziki. Na kama Manhattan ya kabla ya mwaka 2006, bei yake haijulikani ila kwa waliomo.

Tulimtembelea mwaka jana mzee mmoja katika kijiji cha pwani ya mashariki. Hatutakitaja kijiji wala hatutamtaja yeye. Alikuwa na kipande cha mawe na minazi juu ya bahari, alichokirithi kwa babu yake, na hakikumpa zaidi ya madafu na kivuli. Alikuja dalali, kijana mwenye adabu, mara ya kwanza na zawadi ya sukari, mara ya pili na fedha. Mzee aliona fedha ile ni nyingi. Hakuwahi kuona nyingi kama ile. Alinunua mashine ya ngarawa, akamalizia kuezeka nyumba ya mwanawe. Baada ya miezi mitatu akasikia kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi kwa mgeni kiasi ambacho mgeni alilipa. Tulipomwuliza kama ameshitaki, alitutazama kama tumemwuliza kitoto. "Nishitaki nini? Nimetia dole gumba mwenyewe. Sikuibiwa. Nilikuwa sijui."

Hakuna kifungu cha sheria kinachoadhibu kutojua. Lakini kutojua kwa mzee yule ndiko kulikomlipa dalali, na kulimlipa vizuri kuliko asilimia sita yoyote. Mpangaji wa mjini naye ana yake. Msichana aliyeajiriwa juzi anatafuta chumba. Anatakiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele, na juu yake ujira wa dalali ambao kwa desturi ni kodi ya mwezi. Dalali aliitwa na mwenye nyumba, anamtumikia mwenye nyumba, na analipwa na msichana.

Wala si sisi peke yetu. Mpangaji wa New York kwa miaka mingi alilipa dalali wa mwenye nyumba hadi asilimia 15 ya kodi ya mwaka mzima. Mwaka 2024 baraza la jiji lilipitisha sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 11 Juni 2025: dalali alipwe na yule aliyemwita. Mwaka huo wa 2024 chama cha taifa cha madalali wa Marekani nacho kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za wauzaji waliolalamika kwamba ujira wa madalali ulipangwa kwa namna isiyoruhusu ushindani. Jirani zetu wa Kenya wana sheria ya kuwaandikisha madalali wa nyumba tangu mwaka 1984. Nchi hizo zote hazikuwaondoa madalali, wala sisi hatuombi waondolewe. Mwenye nyumba na mwenye kutaka nyumba wanahitaji mtu wa kuwakutanisha, na anayefanya kazi hiyo kwa uaminifu anastahili ujira wake.

Tunaloomba kwa Kamisheni ya Ardhi na kwa wizara inayohusika ni dogo kuliko sheria. Kila haki ya matumizi inapohamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, bei huandikwa katika karatasi za serikali. Bei hizo zijumlishwe kwa shehia au kwa wilaya, bila ya majina ya watu, zigawanywe, na wastani utangazwe kila baada ya miezi mitatu: kiwanja cha pwani kiasi gani, kiwanja cha ndani kiasi gani, kodi ya chumba kiasi gani. Ibandikwe kwenye ubao wa sheha na isomwe redioni baada ya taarifa ya habari.

Tutaambiwa kwamba bei zinazoandikwa ofisini si zile zinazohesabiwa mkononi. Huenda. Basi zikitangazwa, wa kwanza kuona tofauti watakuwa wauzaji wenyewe, na Hazina itawafuatia. Tutaambiwa pia kwamba wanavijiji wakijua bei watadai zaidi na wawekezaji watakimbia. Mwekezaji wa kweli amekwisha kulipa bei hiyo kubwa. Alimlipa mtu wa kati. Atakayepungukiwa tunamjua.

Na wakituambia maofisa wetu kwamba takwimu hazijakamilika, na kwamba mauzo yaliyoandikishwa katika wilaya fulani ni machache mno kuweza kutolewa wastani, tutawauliza ni mangapi. Karatasi ya kwanza ya Bibi Corcoran ilikuwa na 11.